Karakana ya Wasomaji: Kubadilisha Betri ya Gari Nyumbani

Barua za safari hii karibu zote zinauliza habari ya betri. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine, na barua ndefu tumezifupisha.

Shikamooni. Nina gari dogo la Toyota la mwaka 2005, la petroli. Asubuhi nikipiga stata nasikia ta-ta-ta-ta, taa za dashibodi zinafifia, kisha kimya. Jirani ananibusti, naenda kazini, kesho yake yale yale. Kila mtu ananiambia ninunue betri mpya. Je, naweza kuibadilisha mwenyewe uani bila kuharibu kitu? (Dada wa Kimara, Dar es Salaam)

Marahaba, dada. Utaweza. Kazi yenyewe haizidi nusu saa, na kwa gari kama lako spana namba 10 inatosha. Ila usitoe fedha kabla hujapima, maana dalili ulizozieleza zinaletwa na vitu vitatu: betri iliyochoka, terminali chafu (vile vibano vya waya kwenye vichwa vya betri), au alteneta (mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri) isiyochaji. Ukibadilisha betri wakati mgonjwa ni alteneta, betri mpya nayo italala ndani ya wiki hiyohiyo, na muuzaji hatairudisha.

Azima au nunua multimita ndogo, kile kipimo cha umeme. Iweke kwenye volti za DC, alama ya 20. Asubuhi, kabla hujagusa swichi, fungua boneti, weka ncha nyekundu kwenye kichwa cha chanya na nyeusi kwenye kichwa cha hasi. Gusa madini ya risasi ya kichwa chenyewe, siyo terminali iliyokibana. Ukisoma 12.6 au zaidi, betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo, na 11.9 kushuka chini ni tupu. Betri ikishachajiwa usiku kucha na bado inasoma kwenye 10.5 hivi, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, kwa sababu kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Hiyo haina dawa.

Kipimo cha pili: mtu apige stata huku wewe ukiangalia mita. Betri iliyokuwa 12.5 ikianguka chini ya 9.6, imeishiwa nguvu hata kama ikitulia inaonekana nzima. Ikibaki juu ya 11 na gari linalia “tak” moja tu bila kuzunguka, betri haina kosa. Tafuta kwenye stata au kwenye nyaya zake. Cha tatu, gari likishawaka, pima tena kwenye vichwa vya betri. Inatakiwa kati ya 13.8 na 14.5. Yapo magari ya Kijapani yanayopunguza chaji makusudi ili kubana mafuta, kwa hiyo usihukumu kabla hujawasha taa kubwa na feni. Ukiwa umeviwasha na mita bado inasoma 12.3 na kuendelea kushuka, mwite fundi umeme aangalie belti, kaboni na regyuleta (kidhibiti cha volti) ya alteneta.

Sasa shika terminali kwa vidole na uizungushe. Ikicheza hata kidogo, hapo huenda ndipo ugonjwa wote ulipo. Ukiona unga mweupe unaoelekea bluu au kijani, huo ni uchafu unaozaliwa na asidi inayovuja, nao huzuia umeme mwingi wa stata huku ukiuruhusu ule mdogo wa redio. Ndiyo sababu redio inaimba na gari haliwaki. Dawa iko jikoni: kijiko kimoja cha magadi yale ya kupikia maharage ndani ya kikombe cha maji ya moto. Hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa, fungua terminali, mwagia kidogo kidogo. Povu litapanda, hiyo ni asidi inauawa. Povu likikoma, suuza kwa maji safi, kausha, kisha sugua kwa msasa ndani ya terminali na kuzunguka kichwa mpaka ving’ae. Watu wengi hununua betri kwa shida iliyokuwa inaondoka kwa kikombe hicho kimoja.

Ikiwa vipimo vimesema betri kweli imekufa, fuata utaratibu huu. Zima kila kitu, toa ufunguo na utoke nao mfukoni. Gari lenye kufuli za umeme halifai kufungwa na funguo ndani. Subiri dakika 2 au 3 kompyuta zilale. Vua pete, bangili na saa. Pete ikigusa spana upande mmoja na bodi upande mwingine, inawaka nyekundu kabla hujaondoa mkono. Piga picha ya betri ilivyokaa na nyaya zake.

Fungua HASI kwanza. Watu huambiwa hivi bila kuelezwa sababu, nayo ni hii: bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya na spana ikateleza kugusa bodi, umepiga shoti betri nzima kupitia spana iliyo mkononi mwako. Ukishaondoa hasi, spana ya upande wa chanya ikigusa bodi haitokei kitu. Legeza nati nusu mzunguko hadi mmoja, pinda terminali kidogo kushoto na kulia, ivute juu. Isipotoka, panua mdomo wake taratibu kwa bisibisi. Kuigonga kwa nyundo kunavunja kichwa ndani, mahali usipopaona. Ifunge kwa kitambaa kikavu ili isirudi yenyewe. Halafu chanya. Halafu chuma kinachoishika betri, ambacho kawaida kina boliti ndefu mbili zenye nati za namba 10 pia. Zishike, zinapenda kudumbukia chini ya injini.

Inyanyue wima. Betri ya ukubwa wako ina kilo 11 hadi 13 na ukiilaza inaweza kumwaga asidi. Safisha kitako ilipokuwa imekaa kwa maji yaleyale ya magadi, kikauke. Weka mpya ikiangalia kama ya zamani ilivyokuwa, funga kishikio chake kabla ya nyaya, kisha CHANYA kwanza na HASI mwisho. Unapogusisha hasi utaona cheche ndogo sana, “tsk”, usiogope. Cheche kubwa ina maana umeacha taa au kitu kinakula umeme. Kaza mpaka terminali isizunguke kwa nguvu ya mkono, basi. Ukizidisha, risasi ni laini, kichwa kinapasuka shingoni na asidi inaanza kupanda juu. Huo ndio mwanzo wa unga mweupe mwingine. Maliza kwa kupaka vaselini au grisi juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa.

Usikiache kishikio bila kufungwa ati kwa sababu betri mpya imekaa imara yenyewe. Barabara zetu zinaitikisa mpaka mabamba ya ndani yanapukutika, na siku ikiruka, kichwa cha chanya kinagusa boneti.

Betri yangu ya zamani imeandikwa 46B24L. Nimeuziwa 46B24R, nikaambiwa ni ileile. Imeingia vizuri kwenye kitako lakini waya wa chanya haufiki. Je, niuongeze urefu? (Msomaji, Tanga)

Irudishe, ndugu yetu, wala usiongeze waya. Namba hizo za Kijapani zinasomeka hivi. 46 ni daraja la nguvu. Ikiwa kubwa zaidi, mfano 55 au 60, hakuna ubaya. B ni kipimo cha upana na kimo, 24 ni urefu kwa sentimita. Herufi ya mwisho ndiyo iliyokuponza. Simama vichwa vya betri vikiwa upande wako: kwenye L, chanya iko mkono wa kulia, kwenye R, iko kushoto. Waya wa chanya hukatwa urefu wa kufika mahali pamoja tu, na kuurefusha kwa kipande cha waya wa nyumba ni kuutaka moto, kwa sababu stata ya gari dogo huvuta zaidi ya ampea 100.

Kuna jambo jingine madukani halisemwi. Betri za B24 ziko za vichwa vyembamba na za vichwa vinene. Ikiishia na S, kama 46B24LS, ni vichwa vinene. Chanya nyembamba ina milimita 14.7 chini, nene ina 19.5. Ukiweka terminali nene kwenye kichwa chembamba haitabana, na hapo ndipo utaona watu wanasokota waya wa shaba, bati la kopo, hata msumari. Kipo kibushi cha risasi cha kuvalisha kichwa, kinauzwa bei ndogo sana. Dai hicho. Pia kumbuka kichwa cha chanya siku zote ni kinene kuliko cha hasi, kwa hiyo hata rangi zikifutika, vidole vitakuambia.

Majina ya zamani bado yanatumika: NS40ZL ni ndugu wa 38B20L, NS60L ni 46B24L, NS70L ni 65D26L. Na kama ya zamani imeandikwa M-42, N-55, Q-85 au S-95, gari lako ni lile linalojizima lenyewe kwenye foleni. Linataka betri ya aina hiyohiyo. Ya kawaida itawasha gari siku ya kwanza, lakini haikuundwa kwa kupigwa stata mara 30 kwa siku, itakufa mapema mno.

Kabla hujalipa, pima mbele ya muuzaji. Betri mpya iliyo chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu. Mwambie akupe nyingine. Ukinunua betri kavu inayojazwa asidi hapo dukani, isubiri dakika 20 hadi 30 mabamba yanywe, kisha ichajiwe kabla ya kufungwa garini. Kuondoka nayo mara tu baada ya kujazwa ni kuinyima sehemu ya nguvu zake maisha yake yote.

Nimebadilisha betri salama, gari linawaka, lakini redio imeandika maneno ya Kijapani na kukataa kufanya kazi. (Msomaji, Likoni, Mombasa)

Redio zenye ramani zilizokuja na magari kutoka Japani huwa hivyo. Umeme ukikatika, baadhi hudai namba ya siri, na nyingine hudai ile kadi ya SD yenye programu. Kama kadi ilitolewa ili itumike kwenye simu, redio haitafunguka mpaka irudi, maana programu yenyewe huishi ndani ya kadi. Angalia kwanza kama kadi iko mahali pake, na kama ipo, ichomoe, ipanguse, uirudishe. Ikiwa inadai namba, piga picha ya maandishi yote yanayoonekana pamoja na lebo iliyo ubavuni mwa redio, umpelekee fundi wa redio. Bila hizo mbili atabahatisha tu.

Kwa mwenye redio kama hiyo ambaye bado hajagusa betri: usikate umeme kabisa. Kipo kiwaya cha kutunza kumbukumbu, kinachomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani na upande wa pili kwenye betri nyingine ya volti 12. Tundu la kuwashia sigara halifai kwa magari mengi ya Toyota kwa sababu hukatika ufunguo ukitolewa. Lakini shika hili: ukitumia kiwaya hicho, terminali ya chanya unayoivua bado ina umeme. Ivalishe glovu ya mpira au chupa ya plastiki iliyokatwa, isiguse bodi hata sekunde.

Injini ikivuma kwa kupanda na kushuka baada ya kubadilisha, iache iwake dakika 10 bila kukanyaga mafuta, kisha endesha kawaida. Kompyuta inajifunza upya. Kioo cha dereva kikikataa kupanda chenyewe, kipandishe kwa kushikilia swichi, na kikifika juu endelea kuishikilia sekunde chache.

Fundi wetu akitaka kujua kama alteneta inachaji, huwasha gari kisha anavua waya wa betri. Likizima, alteneta mbovu, lisipozima, nzima. Ni sawa? (Msomaji, Morogoro)

Si sawa, na tunaomba mtu yeyote asikubali afanyiwe hivyo kwenye gari lake.

Jaribio hilo lilitoka kwenye magari ya zamani yenye dinamo na kabureta, yasiyokuwa na kompyuta hata moja. Betri kwenye gari ni kama tangi linalotuliza mawimbi. Alteneta ikiwa inasukuma ampea 40 na ghafla ukaondoa tangi, umeme ule hauna pa kwenda. Regyuleta haiwahi kuupunguza, na volti zinaruka makumi kadhaa kwa kufumba na kufumbua. Katika kufumba na kufumbua huko daiodi za alteneta (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) hutoboka, na kompyuta ya injini, ya gia au ya breki inaweza kufa papo hapo au kuanza vituko wiki mbili baadaye, wakati hakuna anayekumbuka tena ule waya uliovuliwa. Kisha mwenye gari anauziwa kompyuta iliyotumika.

Tena jibu lenyewe ni la uongo. Alteneta yenye daiodi moja iliyoungua itaendelea kuliwasha gari betri ikiwa imevuliwa, ingawa haiwezi kuchaji inavyotakiwa. Multimita inatoa jibu la kweli kwa sekunde 5 bila kugusa spana. Mwonyesheni fundi wenu kwa heshima; wengi walirithi jaribio hilo kwa waliowafundisha.

Betri ni mpya, alteneta inachaji 14.2, lakini gari likilala siku mbili haliwaki. (Msomaji, Nyakato, Mwanza)

Kuna kitu kinakunywa usiku. Gari lililolala huruhusiwa kula ampea 0.05 hivi, kwa ajili ya saa na kompyuta. Kikiwa kinakula 0.5, kwa siku ni ampea-saa 12, na betri ya ampea-saa 45 ikishapoteza 24 haina ubavu wa kuzungusha stata. Siku mbili zako zinalingana kabisa na hesabu hiyo.

Mtafute mwizi hivi. Fungua boneti na mlango wa dereva, kisha kwa bisibisi sukuma kitasa cha mlango kijifunge kana kwamba mlango umefungwa. Zima kila kitu. Hamisha ncha nyekundu ya mita kwenye tundu la 10A, weka mita kwenye ampea za DC, alama ya 10. Vua hasi ya betri, kisha mita ikae katikati: ncha moja kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye waya uliouvua. Usifungue swichi wala kuwasha taa wakati huo, fyuzi ya mita itakatika. Subiri dakika 30 hadi 60 mpaka kompyuta zote zilale kabisa. Mwanzoni utaona ampea nyingi na wengi hudanganyika hapo. Namba ikitulia juu ya 0.05, anza kuchomoa fyuzi moja moja na kuirudisha. Ile ambayo ikitoka namba inaanguka, ndiyo njia ya mwizi.

Kwa uzoefu wa karakana, anza kushuku vilivyoongezwa baada ya gari kununuliwa: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, ampli ya muziki iliyounganishwa moja kwa moja na betri. Hivyo mara nyingi havipiti kwenye fyuzi za gari, kwa hiyo vichomoe vyenyewe. Halafu taa ya buti na ya sanduku la dashibodi, ambazo hubaki zinawaka ukifunga na huzioni. Fyuzi zote zikitoka na mwizi bado yupo, vua hasi, kisha vua waya mnene ulio nyuma ya alteneta, uufunge usiguse kitu, urudishe mita. Namba ikiwa imeanguka, daiodi ya alteneta inavuja.

Usiku, kwa haraka, nilifunga betri kinyume. Ikapiga cheche kubwa, nikarudisha sawa, sasa gari halina umeme hata taa. Nimeua kompyuta? (Msomaji, Dodoma)

Huenda hujaua. Kuna fyuzi kubwa, mara nyingi ya ampea 100 hadi 140, iliyowekwa ijitoe mhanga kwa ajili ya kosa hilo. Iko kwenye kisanduku cha fyuzi kilicho karibu na betri, au kwenye baadhi ya magari imekaa juu ya terminali ya chanya yenyewe. Haichomolewi kwa vidole, imefungwa kwa skrubu au nati ndogo, na tumbo lake lina dirisha la plastiki. Ikiwa imekatika utaona bati lililoyeyuka. Vua hasi, badilisha kwa ampea zilezile, rudisha hasi. Usiweke waya badala yake hata kwa kufika nyumbani. Gari likiwaka, pima chaji mara moja. Ikiwa chini ya 13, daiodi za alteneta zimekwenda na fyuzi.

Tunaishi Maskati. Betri hapa haimalizi msimu wa pili wa joto. Pia kila mwaka tunaacha gari miezi miwili tukienda Unguja kuona wazee, tukirudi haliwaki. (Msomaji, Oman)

Joto ndilo adui wa betri, kuliko baridi. Wahandisi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za joto la betri juu ya 25 hupunguza umri wake karibu nusu, kwa sababu chuma cha chanya ndani kinaliwa haraka na maji yanakauka. Kwa hiyo miaka miwili kwenu si kosa la muuzaji. Linaloweza kusaidia: koti la plastiki au kitambaa lililozunguka betri ya awali lirudishwe, mafundi hulitupa wakidhani ni kifungashio, kumbe linakinga joto la injini. Kama betri ina vifuniko, angalia maji kila mwezi, yawe milimita 10 hadi 15 juu ya mabamba, na uongeze maji yaliyotoneshwa tu. Asidi haiongezwi kamwe: maji ndiyo hupungua, asidi inabaki. Ukiongeza asidi unaifanya kali na mabamba yanaliwa. Na ukinusa yai bovu ukisimama, chaji imezidi. Pima, ikipita 14.8 tengeneza regyuleta kwanza.

Kuhusu safari, hesabu ni rahisi. Ampea 0.03 tu za saa na kompyuta, kwa siku 60, ni ampea-saa 43, yaani betri nzima. Na betri ikikaa tupu, chembe za salfeti ya risasi zinakuwa ngumu kama mawe juu ya mabamba na haipokei tena chaji vizuri. Siku ya kuondoka, ichaji ijae, vua hasi, ifunge kitambaa. Mkirudi, gari likiwa na betri kwenye buti kama Prius ya kizazi cha 2 au cha 3, mlango wa buti hautafunguka kwa umeme. Tumieni ufunguo wa chuma kwa mlango wa dereva, kisha njia ya kubusti iliyo ndani ya kisanduku cha fyuzi mbele. Betri ya Prius ikibadilishwa iwe ya aina yake, yenye kimrija cha kutoa hewa nje, kwa sababu imekaa ndani ya gari mnamopumua watoto.

Betri ya zamani ninayo. Vijana wa pwani wanataka kuipasua wayeyushe risasi watengeneze chubwi (vizito) za nyavu. Niwape? (Msomaji, Pangani)

Usiwape, tafadhali sana, hata wakilipa.

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi. Ikiyeyushwa kwenye sufuria juu ya kuni, kinachobaki kwenye hewa, kwenye majivu na kwenye nguo za myeyushaji ni vumbi la risasi lisilo na harufu wala ladha. Mtoto anayetambaa uani hulilamba kutoka vidoleni. Risasi huenda kwenye mifupa na ubongo. Mtoto huchelewa kusema, hushindwa shule, na hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifunguliwa mwaka 2007 kandokando ya nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliona mwanawe mwenyewe akiugua na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Hapo palikuwa na bomba la moshi na kuta. Uani kwenu hakuna.

Na ile asidi, wakiimwaga kwenye mchanga, inashuka kisimani pamoja na risasi iliyoyeyuka ndani yake.

Irudishe nzima kwenye duka ulikonunua mpya. Wengi hupunguza bei ukiwapa chakavu. Mpaka siku hiyo, iweke wima ndani ya beseni la plastiki, juu, mbali na watoto na mbali na jiko. Vijana wanaotaka chubwi wanunue zilizokwisha kutengenezwa, au watumie mawe yaliyotobolewa na saruji iliyomwagwa kwenye kopo.